Kabla hujanunua nyaya mpya za redio, kata ncha za zile ulizonazo

Msimu wa korosho ukishaanza kulipa, huku kwetu Mtwara watu wengi hununua redio, na wenye redio za zamani hukumbuka kuzishughulikia. Hapo ndipo ninapoulizwa sana kuhusu nyaya. Mtu ana amplifaya nzuri na spika mbili kubwa za kusimama, lakini muziki haumridhishi. Besi imelegea, mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili, upande mmoja unakata na kurudi. Kaambiwa dawa ni waya mpya, tena ule wa bei. Je, atoe hela?

Mimi ninaamini hivi, na nimeliona likitimia katika sebule nyingi: waya unaweza kuupunguzia muziki, lakini hauwezi kuuongezea. Kilichotoka kwenye amplifaya ndicho kinachotakiwa kufika kwenye spika, na waya mzuri ni ule unaokifikisha chote. Kama waya wako ni mbovu na ukaubadilisha, utasikia tofauti kubwa, wala usikubali mtu akuambie ni mawazo yako. Kama waya wako ni mzima, una unene wa kutosha na umebanwa sawasawa, basi hata ukileta mwingine wa bei mara ishirini hutapata kipya. Kwa hiyo swali la kwanza si ununue waya gani. Swali ni kama huo ulionao ni mzima, na ukanda huu wa bahari una nyaya wagonjwa wengi ambao wenyewe hawajui.

Anayeishi Shangani, Mikindani au Msimbati hahitaji kuelezwa kazi ya chumvi. Mabati yanaliwa, bawaba za madirisha zinashika, mnyororo wa baiskeli unalia. Shaba nayo haiponi. Yenyewe haioti kutu nyekundu kama chuma; hufifia kwanza, ikawa kahawia iliyokolea, halafu hutoa unga wa kijani. Hewa ya bahari imebeba chumvi na unyevu, na viwili hivyo vikikutana na shaba iliyo wazi vinajenga juu yake utando usiopitisha umeme vizuri. Waya wa spika umevikwa plastiki urefu wake wote, ila nchani uko uchi, na nchani ndipo umeme unapotakiwa kuvuka kutoka chuma kimoja kwenda kingine.

Zima amplifaya, chomoa plagi ukutani, nenda nyuma ya spika moja ufungue kibanio. Vuta waya utoke, uulete mlangoni penye mwanga. Katika nyumba ya mjomba wangu pale Mikindani, hatua chache kutoka maji yanapofika bamvua, nilichotoa kilikuwa kama mswaki uliotumika sana: nyuzi zimetawanyika, nusu zimekatika, zilizobaki nyeusi shinani na kijani kileleni. Nilipozisugua kwa kidole zilimwaga unga. Ndani ya kibanio nako mlikuwa na unga uleule. Katika nyuzi zote za waya ule, zilizokuwa zinagusa chuma safi zilikuwa za kuhesabu, na muziki wote wa upande wa kushoto ulikuwa unapita hapo. Mjomba alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya spika mpya.

Niliukata waya ule nyuma kidogo, nikachuna ganda kwa wembe. Shaba bado nyeusi. Nikakata tena mbali zaidi, hadi nikaifikia shaba ya rangi yake, ile inayong'aa kwa wekundu wa machungwa. Nikachuna sentimita moja na nusu hivi, nikazisokota nyuzi zikawa kitu kimoja, nikasafisha kibanio kwa pamba na spiriti, na palipogoma nikapitisha msasa laini. Nikabana. Mjomba akaweka taarabu yake, fidla zikaingia kutoka upande ule ambao kwa muda mrefu ulikuwa ukinong'ona tu. Hakununua spika wala waya.

Ndugu zetu wa Newala, kule juu uwandani, hawalijui tatizo hili kwa kiasi hiki. Waya wa roli moja, nusu yake iko kwangu karibu na bahari na nusu iko kwa shangazi Newala. Wake ukiuchungulia nchani bado una wekundu wake, na wangu ni lazima niukate ncha kila mwaka. Kwa hiyo ushauri unaousoma kutoka kwa watu wa bara au wa nchi za baridi, kwamba waya ukishafungwa haudai kitu tena, hautufai sisi wa Mtwara, Lindi na Kilwa.

Jambo moja niliongeze hapo maana linawatisha wengi. Nyaya zenye ganda la kupenya mwanga, zile unazoiona shaba ndani, huwa zinageuka kijani hadi katikati, mbali kabisa na ncha. Inaogofya kuona, lakini kijani cha katikati hakiudhuru muziki kiasi cha kusikika, kwa sababu umeme unapita ndani ya shaba yenyewe na shaba bado ipo. Kidonda kiko pale waya unapogusana na kitu kingine. Usiutupe waya kwa rangi yake ya katikati.

Na hapa ndipo ninapotaka tuwe waangalifu na ushuhuda wa watu. Mzee mmoja jirani, mstaafu wa bandarini, alinisimamisha barabarani kwa furaha.

"Njomba, nimefunga waya mpya. Redio imefufuka!"

"Shikamoo mzee wangu. Ule wa zamani umeutupa?"

"Marahaba. Upo stoo, wa nini tena?"

Nilimwomba tuujaribu. Tuliukata ncha zote nne, tukauchuna, tukaubana upande mmoja, waya mpya ukabaki upande wa pili, tukakaa kusikiliza. Akasikiliza kwa makini, akahamisha kiti, akasikiliza tena. Hakuona tofauti, na ni mtu mwenye sikio; anajua gitaa la rithimu na la solo kwa umbali wa nyumba tatu. Mzee hakudanganya aliposema redio imefufuka. Ilifufuka kweli. Ila kilichoifufua ni kule kufungua vibanio, kukwangua uchafu na kubana shaba mpya mahali pa ile iliyooza, na sifa zikachukuliwa na waya. Hata kuchomoa pini na kuichomeka tena peke yake kunakwangua utando wa kutu na kurudisha mguso. Ndiyo maana kila anayebadilisha waya husikia nafuu, na ndiyo maana nasema kata ncha kwanza, sikiliza, ndipo uende dukani.

Sasa unene, maana hili ni la hesabu na halina ubishi. Waya wowote unaupinga umeme kidogo, na upinzani huo unakua kadiri waya unavyokuwa mrefu na mwembamba. Waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba, ule mwembamba unaokuja bure ndani ya boksi la redio, una upinzani wa kama omu 0.034 kwa kila mita; omu ndiyo kipimo cha upinzani, na spika nazo huandikwa omu zake mgongoni. Huonekana si kitu. Lakini mtu anayetaka spika moja ikae barazani, mita 10 kutoka kwenye amplifaya, anatumia mita 20 za shaba, kwenda na kurudi. Hapo upinzani unafika karibu omu 0.7. Spika ikiwa ya omu 8, asilimia 8 hivi ya nguvu inaishia kwenye waya. Ikiwa ya omu 4, inakaribia asilimia 15. Tumia waya wa milimita 2.5 badala yake na upinzani huo unashuka hadi omu 0.14.

Wengine husema, si hoja, nitaongeza sauti tu. Kama hasara ingekuwa ni ukubwa wa sauti pekee wangekuwa sahihi. Ila spika iliyoandikwa omu 8 mgongoni haina omu 8 kwa kila noti. Kwenye besi fulani inaweza kupanda hadi makumi ya omu, mahali pengine ikashuka chini ya ile namba iliyoandikwa. Waya mwembamba unazikata zaidi zile noti ambazo spika ina omu chache, na kuziacha zile ambazo omu zake ni nyingi. Matokeo yake muziki unabadilika umbo: kuna besi inayovimba, kuna sauti za katikati zinazorudi nyuma. Zaidi ya hapo, amplifaya huisaidia spika kusimama pale mpigo unapoisha, na upinzani wa waya unaidhoofisha breki hiyo. Weka singeli, yenye mapigo yanayofuatana mbiombio, kwenye waya mrefu mwembamba. Mapigo yataanza kupandana. Hiyo ndiyo besi iliyolegea ambayo watu wanailalamikia.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba upinzani wa waya, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za spika. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni omu 0.4, kwa ya omu 4 ni omu 0.2. Ukipiga hesabu, sebule ya kawaida ambayo spika ziko mita 3 kutoka kwenye amplifaya inatosheka hata na waya wa milimita 0.75. Milimita 1.5 ni ya kutosha kabisa hadi mita 10 kwa spika ya omu 8. Milimita 2.5 ndiyo ya barazani, ya ukumbini, na ya spika za omu 4. Kuzidi hapo nyumbani sioni sababu, na vibanio vingi havipokei waya mnene zaidi.

Habari njema ni kwamba milimita hizo hizo ndizo za mafundi umeme wa majumbani, 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, hivyo kila duka la vifaa vya umeme, kuanzia mjini Mtwara hadi Masasi na Nachingwea, linazo. Omba waya laini wenye nyuzi nyingi, wa njia mbili, upimiwe kwa mita. Usichukue ule mgumu wa uzi mmoja. Unapitisha umeme sawa tu, lakini ukiukunja kunja nyuma ya kabati unakatika. Muziki hauulizi kama waya uliuzwa kwa ajili ya taa. Angalizo moja tu: waya wa spika ukishafungwa usiwe na plagi ya ukutani upande wowote, hata kwa dakika moja, maana kuna mtoto au mgeni atakayeichomeka kwenye soketi.

Ukiwa dukani omba kisu. Kuna nyaya za rangi ya shaba ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu, na zinauzwa kwa maneno yaleyale ya "shaba tupu". Kwangua uzi mmoja: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Upime mkononi pia, maana alumini ni nyepesi zaidi ya mara tatu kuliko shaba. Si sumu, unapitisha muziki, ila upinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba au zaidi, kwa hiyo alumini ya milimita 2.5 inafanya kazi ya shaba ya 1.5. Ilipiwe hivyo. Na kwa sisi wa pwani ina ubaya wa ziada, kwamba inavunjika upesi nchani na chumvi inaila vibaya pale shaba na alumini vinapokutana kwenye unyevu. Mimi sinunui.

Kosa linaloharibu muziki kuliko yote niliyotaja halihusu aina ya waya hata kidogo. Ni kugeuza chanya na hasi kwenye spika moja. Spika zote mbili zinalia, hakuna kinachokata, hakuna kinachonguruma, kwa hiyo mwenyewe hashuku kitu. Lakini koni ya kushoto, ule uso wa spika unaotikisika, inapokwenda mbele, ya kulia inarudi nyuma, na hewa inayosukumwa na moja inamezwa na nyingine. Besi inatoweka. Mwimbaji, ambaye angetakiwa kusikika katikati ya spika mbili kama amesimama pale, hana mahali alipo. Mtu anaweza kuishi na redio ya namna hiyo miaka akiisema haina besi, kisha siku akibadilisha waya anabahatisha kuzifunga sawa, anaamini kabisa kwamba waya mpya una besi.

Kagua waya wako. Nyaya za njia mbili huwa na alama upande mmoja: mstari wa rangi, mwinuko mdogo unaousikia kwa ukucha, au maandishi yaliyopigwa chapa. Amua kwamba upande wenye alama ndio chanya na usiubadilishe kutoka kwenye amplifaya hadi spika, kushoto na kulia. Kama huna uhakika na spika yenyewe, labda fundi aliifungua akaigeuza ndani, chukua betri moja ya volti 1.5 na uiguse mara moja tu kwenye nyaya za spika zikiwa zimetolewa kwenye amplifaya. Chanya ya betri ikigusa chanya ya spika, koni kubwa inatoka nje. Ikiingia ndani, imegeuzwa. Fanya kwa spika zote mbili. Kisha ziweke zikitazamana kwa karibu, piga wimbo wenye besi, na ugeuze nyaya za moja: utasikia mwenyewe besi ikitoka na kurudi. Tofauti hiyo hata watoto wanaisikia.

Nimezungumzia nyaya za spika kirefu kwa sababu ndizo zinazobeba mzigo. Zile fupi zenye pini za RCA, nyekundu ya kulia na nyeupe ya kushoto, zinazotoka kwenye deki, CD au king'amuzi kwenda kwenye amplifaya, zina tabia nyingine. CD pleya inatoa kama volti 2 tu, na mlango wa amplifaya una upinzani wa maelfu ya omu, makumi elfu mara nyingi. Kwa hiyo omu moja ya waya haina uzito wowote pale, na unene haujalishi. Kinachojalisha ni ngao, yaani ule wavu wa shaba unaozunguka uzi wa katikati, pamoja na kushika kwa pini. Ishara ni ndogo, na kitu chochote kitakachopenya ngao hiyo kitakuzwa pamoja na muziki. Ngao ikikatika ndani ya pini, pale waya unapokunjwa kila siku, redio inaunguruma. Hapo badilisha, kweli badilisha. Waya wa kawaida wenye pini zinazobana vizuri unatosha, mfupi kadiri inavyowezekana.

Waya wa simu, wenye jeki ya milimita 3.5 upande mmoja na RCA mbili upande wa pili, una ugonjwa wake ambao nimeletewa mara nyingi. Mtu anasema, "Wimbo unapiga vyombo tupu, msanii haimbi." Ngoma zipo mbali, vinanda vinaelea, sauti ya mwimbaji imeondoka. Ukiweka simu kwenye chaji, muungurumo unaingia. Hiyo ni dalili kwamba waya wa pamoja wa kurudi umekatika, au jeki haijaingia hadi mwisho kwa sababu ya kava la simu au vumbi lililoshindiliwa kwenye tundu. Upande wa kushoto na wa kulia ukikosa njia ya kurudi, kinachobaki ni tofauti kati yao, na mwimbaji huwa amerekodiwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo anafutika. Vua kava, toa vumbi kwa kijiti kikavu cha kusafishia meno huku simu imezimwa, ingiza jeki hadi isikike ikishika. Ikikataa, waya umekwisha.

Muungurumo usioisha hata kwa waya mpya wa RCA huwa hautoki kwenye waya. Nyumba nyingi zenye king'amuzi zina mzunguko huu: dishi liko nje, waya wake unaingia kwenye king'amuzi, king'amuzi kimefungwa kwenye televisheni na amplifaya, na kila kifaa kimechomekwa soketi yake. Umeme wa ukutani una mizunguko 50 kwa sekunde, na unapopata njia mbili za kufika kwenye amplifaya unaziunguka na kusikika kama nyuki mzito. Jaribu kuchomoa waya wa dishi. Muungurumo ukikoma umempata mwizi. Kuchomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja husaidia. Ikiwa televisheni na amplifaya vyote vina tundu la waya wa mwanga, ule mwembamba unaotoa taa nyekundu nchani, utumie huo. Unapitisha mwanga peke yake, hauna chuma cha kuunganisha vifaa viwili, kwa hiyo njia ya muungurumo inakatwa kabisa. Nao hauna haja ya kuwa wa bei: unabeba muziki uliogeuzwa kuwa namba, na namba zikifika zimefika, zisipofika utasikia sauti inakatika, si sauti iliyopoa.

Kuna mafundi wanaotibu muungurumo kwa kukata waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, ndani ya plagi. Muungurumo unaweza kuisha kweli. Lakini siku nyaya za ndani zikigusa bati la amplifaya, bati hilo linakuwa na umeme na hakuna kitu kitakachoupeleka ardhini isipokuwa mwili wa mtu atakayeligusa. Mwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, miguu mitupu, ndiye anayekufa hivyo. Ukiona mtu ameshika koleo kuelekea waya wa kijani na njano, mzuie.

Nirudi kwa wenye kushawishiwa na nyaya za bei kubwa. Mwaka 2007 James Randi, mtaalamu wa mazingaombwe aliyefanya kazi Marekani, alitangaza kwamba dola milioni moja za taasisi yake ziko tayari kwa mtu atakayeweza kutambua kwa sikio, bila kujua ni upi unaopiga, tofauti kati ya nyaya za spika za dola 7,250 na nyaya za kawaida. Jaribio hilo halikufanyika hata mwisho. Nalitaja kwa sababu unaweza kulifanya mwenyewe sebuleni kwako bila dola hata moja, na ni haki yako kulifanya kabla ya kulipa.

Muuzaji akikuletea waya wa kujaribu, mwombe mwanao au shemeji akae nyuma ya redio abadilishe yeye, wakati mwingine abadilishe kweli na wakati mwingine ajifanye tu, awe anaandika. Wewe kaa mahali pamoja, usiguse kitufe cha sauti, andika unachosikia. Kutoguswa kwa sauti ni muhimu mno. Sikio la binadamu likipewa muziki ule ule uliokuzwa kidogo sana, kiasi kwamba hujui umekuzwa, linasema ule wa pili ni safi zaidi, una besi zaidi, una uhai. Wauzaji wazoefu wanalijua hilo. Na jaribu kwa muziki unaoufahamu ndani nje: dansi ya zamani yenye magitaa matatu, kaswida ya sauti tupu, chochote ambacho ungegundua kikikosewa. Usijaribu mchana kwa waya mmoja na usiku kwa mwingine. Usiku pikipiki zimelala, watoto wamelala, feni ya jirani ndiyo inayosikika. Kila redio ni nzuri usiku.

Baada ya jaribio hilo, kama bado unaona tofauti, nunua kwa amani. Wengi niliowaona wakilifanya kwa uaminifu wamezitumia hela zao kwingine, na pa kuzitumia pako pengi. Sebule zetu za sakafu ya vigae, kuta tupu na dari ya bati au jipsam zinarudisha sauti ovyo. Zulia moja na pazia zito vinabadilisha muziki kuliko waya wowote unaouzwa duniani. Kuisogeza spika kutoka kwenye kona ya ukuta, nusu mita tu, kunaisafisha besi inayozagaa. Hilo halina gharama, ila linataka waya uwe na urefu wa kuruhusu spika kusogea.

Kwa hiyo unapopimiwa waya, usikate kwa urefu kamili. Acha mita moja ya ziada kila upande, na nyaya za kushoto na kulia ziwe sawa kwa unene na karibu sawa kwa urefu. Ziada hiyo ndiyo utakayoikata ncha kila mwaka, mvua za masika zikiisha na kusi ikaanza kukausha hewa. Kabla ya kubana hakikisha hakuna uzi hata mmoja uliochomoza ukagusa kibanio cha jirani, maana uzi huo mmoja ukiunganisha chanya na hasi unaweza kuunguza amplifaya ndani ya wimbo mmoja. Usipake risasi ya kuchomelea nchani kwenye vibanio vya skrubu. Risasi ni laini, inabonyea taratibu na skrubu inalegea, wakati shaba iliyosokotwa inakaa. Ukitaka kuikinga na chumvi, paka grisi kidogo ya vaselini juu ya kibanio baada ya kukikaza, si kabla. Na kipande kitakachobaki kizibe ncha kwa utepe wa nailoni wenye gundi, ukihifadhi ndani, kwenye kabati la nguo, wala si stoo ya uani.